Kupanda ndege na vifaa vya video vya chini ya maji: betri kwanza, kilo baadaye

Katika mzigo mzima wa kurekodi video chini ya maji, kamera ndiyo ghali kuliko vyote lakini si ndiyo itakayokukwamisha uwanjani. Kamera hupita kwenye eksirei bila maswali mengi. Kinachosimamisha safari ni betri ya taa iliyofutika maandishi, seli zilizotupwa ovyo mfukoni mwa begi, au kasha la kamera lisiloingiza maji lililofungwa nyumbani kiasi kwamba halifunguki tena hotelini. Kwa hiyo panga betri kwanza, kisha vyote vinavyofungwa kwa oringi, yaani pete ya mpira inayozuia maji, na kilo uzipime mwishoni.

Hesabu ya wati-saa

Betri za lithiamu hupimwa kwa wati-saa, na kwenye lebo huandikwa Wh. Kama lebo inaonyesha volti na mAh (miliampea-saa) tu, gawa mAh kwa 1,000, kisha zidisha kwa volti. Betri ya kamera ya lenzi za kubadilisha huwa kati ya 14 na 17 Wh. Seli moja ya 21700, aina ya seli ya mviringo iliyo kama betri ya tochi, yenye 3.6 V na 5,000 mAh ni 18 Wh. Pakiti ya taa kubwa yenye 14.4 V na 6,800 mAh ni 97.9 Wh.

Kanuni za usafiri wa abiria zina ngazi tatu:

- Hadi 100 Wh: unapita nayo bila kuomba ruhusa. Kikomo cha kawaida cha betri za akiba ni 20 kwa abiria, ingawa yapo mashirika yanayoruhusu chache zaidi.
- Zaidi ya 100 hadi 160 Wh: lazima shirika la ndege likubali kabla ya safari, na akiba zisizidi mbili.
- Zaidi ya 160 Wh: haipandi kama mzigo wa abiria, iwe mkononi au chini.

Ngazi ya tatu huwakamata zaidi wenye skuta za kuzamia, yaani mashine za umeme zinazomvuta mzamiaji majini. Ama unaituma skuta kama shehena, ama unakodi ukifika, ama unanunua aina ambayo betri yake hugawanyika katika vipande vyenye chini ya 100 Wh kila kimoja.

Mtego mkubwa uko kwenye mpaka wa 100. Pakiti ileile ya 6,800 mAh ikiandikwa 14.4 V ni 97.9 Wh, lakini mtengenezaji mwingine akiiandika 14.8 V inakuwa 100.6 Wh. Ndani seli ni zilezile. Mkaguzi hafungui kuhesabu seli, anasoma lebo. Unaponunua pakiti kwa ajili ya safari, chagua yenye Wh zilizochapishwa wazi na zilizo chini ya 100 bila ubishi.

Lebo yenyewe nayo huisha. Maji ya chumvi na vidole vyenye grisi hufuta wino ndani ya miezi michache, na betri isiyosomeka inaweza kubaki kaunta. Ibandike utepe wa plastiki angavu juu ya lebo ikiwa bado mpya, na uhifadhi kwenye simu ukurasa wa mtengenezaji unaoonyesha vipimo vyake. Kuandika upya kwa kalamu hakumridhishi mtu.

Akiba zote za lithiamu huingia ndani ya ndege pamoja nawe, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Sababu ni ya kimsingi: seli ikianza kuungua hujitengenezea joto kutoka ndani, ikaambukiza ya jirani, na gesi ya kuzimia moto iliyoko kwenye buti la ndege haiwezi kukatisha mchakato huo. Ikitokea kwenye chumba cha abiria, wahudumu wanaiona mapema na kuimwagia maji. Pawabenki huhesabiwa kama betri ya akiba, hata kama wewe unaiona kama chaja.

Ziba ncha za kila betri. Pakiti zenye soketi zivalishwe kofia yake au utepe wa umeme. Betri za kamera ziwe na vifuniko vyao. Seli za 18650 na 21700 ndizo za kuogopwa, kwa sababu bati lote la nje ni hasi na limefunikwa na utando mwembamba tu. Utando ukichanika karibu na ncha chanya, funguo au sarafu inatosha kupiga shoti. Ziweke kwenye vikasha vya plastiki vya seli mbili au nne. Seli yenye utando uliochanika isisafiri kabisa.

Baada ya ndege kuungua uwanjani Busan Januari 2025, Korea Kusini ilipiga marufuku, kuanzia tarehe 1 Machi 2025, kuweka pawabenki kwenye makabati ya juu ya viti. Uchina nayo, tangu tarehe 28 Juni 2025, hairuhusu kwenye safari zake za ndani pawabenki isiyo na alama ya 3C, yaani cheti cha usalama cha nchi hiyo. Masharti ya namna hii hubadilika haraka, basi soma ukurasa wa kila shirika utakalopanda wiki ya safari yenyewe, siyo siku uliyokata tiketi.

Taa za kuzamia zina sharti lake

Taa ya video ya lumeni elfu kumi imeundwa ipozwe na maji. Ikiwaka ndani ya begi, kwa dakika chache tu inaweza kuunguza nguo na kuyeyusha plastiki. Ndiyo maana kanuni zinataka taa za aina hii zipakiwe kwa namna ambayo hata swichi ikibonyezwa haziwezi kuwaka: unatoa betri, au unatoa sehemu inayotoa joto, au unatoa kiungo kingine kama fyuzi. Kufunga swichi kwa utepe hakutoshi.

Kichwa cha taa kisicho na betri ni kipande cha alumini tu na kinaweza kwenda chini. Tatizo ni taa zenye betri isiyotoka. Hizo ziende mkononi, na uliandikie shirika mapema ukiomba idhini ya maandishi. Kwa anayesafiri mara kwa mara, ushauri wetu ni mfupi: usinunue taa ambayo betri yake haitoki.

Kila chenye oringi kisafiri kikiwa wazi

Hewa ndani ya ndege ikiwa angani hulingana na ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Kwa kiwango cha juu hapo, kanieneo ni takriban robo tatu ya ile ya usawa wa bahari. Buti la mizigo nalo liko hivyohivyo, kwa hiyo kulipeleka kasha chini hakubadilishi kitu.

Kasha la kamera hutengenezwa lisukumwe kutoka nje kwenda ndani. Ukilifunga ardhini, angani hewa ya ndani huanza kusukuma kutoka ndani kwenda nje. Kwenye kuba, yaani kioo kilichobinuka mbele ya lenzi, la kipenyo cha sentimita 15, tofauti ya robo ya angahewa ni nguvu ya takriban kilo 45. Oringi inasogea kwenye mfereji wake na hewa kidogo inatoroka. Ndege ikishuka, hewa ya nje inarudi kuwa nzito, ya ndani imepungua, na kifuniko kinanyonywa kikakaza. Hapo ndipo mtu huchukua bisibisi kulazimisha. Mkwaruzo mmoja kwenye mfereji wa oringi, na kasha hilo halina uhakika tena.

Kabla ya kuondoka nyumbani:

1. Toa oringi kuu, ipanguse, iweke kwenye mfuko safi wenye zipu, na mfuko huo uutie ndani ya kasha ili usipotee.
2. Toa poti, yaani mdomo wa kioo unaokaa mbele ya lenzi. Ziba tundu la kasha na nyuma ya poti kwa vifuniko vyake.
3. Kama kasha lina vali ya pampu ya ombwe (pampu ya kunyonya hewa ili kujua kama kasha linavuja), acha kofia yake imelegezwa.
4. Fungua kidogo vyumba vya betri vya tochi, vya taa, na kasha la monita ya nje. Hivi ndivyo husahaulika.
5. Sanduku gumu la kubebea lina vali ya hewa. Kama ni ya kujiendesha, iache. Kama ni ya kuzungusha kwa mkono, ifungue.

Ukifika ukakuta kitu kimegoma kufunguka, legeza vali ya ombwe kwanza. Kama hakuna vali, zungusha poti taratibu mpaka hewa iingie. Kwenye mshono tumia ukingo wa kadi ya plastiki, chuma kisiguse.

Mkononi nini, chini nini

Jiulize hivi: begi la chini likichelewa siku mbili, ni kipi kitakachofanya usirekodi kabisa? Hicho ndicho cha mkononi. Kwa kawaida jibu ni kamera, lenzi, kasha, poti, betri zote, chaja moja ya kila aina, kadi za kumbukumbu, na seti ya oringi za akiba pamoja na grisi yake. Barakoa yenye lenzi za macho yako na kompyuta ya kuzamia nazo zinastahili nafasi hapo, kwa kuwa vingine vyote vya kuzamia unaweza kukodi.

Chini ziende fremu ya kushikia, mikono ya taa, vibano, maboya ya kuinulia uzito, vichwa vya taa visivyo na betri, tripodi, kebo za ziada na vifaa vya fundi. Suti ya kuzamia ni mto mzuri wa kuzungushia alumini, na mapezi yaliyosimamishwa pembeni hulinda kuta za begi.

Sasa kilo. Mashirika mengi hutoa kilo 7 hadi 10 mkononi na 23 chini. Kasha la alumini la kamera ya lenzi za kubadilisha lina kilo 2 hadi 3. Kamera na lenzi zake huongeza moja na ushei. Poti, betri na chaja zikiingia, kilo 7 zimeshapita. Sanduku gumu lenye magurudumu linakula kilo tano au zaidi kabla hujaweka kitu. Kwa begi la mkononi, chukua begi la mgongoni lenye vigawanyo, lisilozidi kilo 2, na sanduku gumu uliachie mzigo wa chini. Koti lenye mifuko mipana hubeba lenzi mbili na betri kadhaa, na kinachovaliwa mwilini mara nyingi hakiwekwi kwenye mizani.

Mpango mzima uamuliwe na ndege ndogo kuliko zote katika safari yako. Ndege za kwenda visiwani zinaweza kukupa kilo 15 kwa jumla, tena makabati yake hayapokei begi la ukubwa wa kawaida. Mara nyingi begi hilo huchukuliwa mlangoni mwa ndege na kupelekwa kwenye buti, na hapo sheria ya betri inabaki palepale: zitoke. Zikusanye zote kwenye mkoba mmoja ulio juu kabisa ndani ya begi, ili uuchomoe mara moja badala ya kupekua mzigo wako mbele ya foleni. Kama tiketi zako ni za mashirika mawili yasiyounganishwa, hesabu upya kilo za kila moja. Ruhusa ya la kwanza hailihusu la pili. Posho ya vifaa vya michezo ambayo baadhi ya mashirika huwapa wazamiaji mara nyingi inahusu mapezi, regyuleta na suti, siyo kamera. Kilo za ziada ukizinunua mtandaoni kabla ya safari huwa nafuu kuliko kaunta.

Kupakia

Mabomba ya kushikia yatoe kwenye kasha. Ni skrubu mbili au nne tu, na upana hupungua sana. Chunga vitufe na wenzo: kitufe kinachokandamizwa na sponji kwa saa kumi na mbili kinaweza kuchosha springi yake au kubaki kimezama. Kata sponji izunguke vitufe, isivikalie.

Kuba la akriliki hukwaruzika upesi lakini linang'arishwa. La kioo halikwaruziki ovyo, ila likimeguka ukingoni limekwisha. Yote mawili yavalishwe kofia ya neoprini, na upande uliobinuka usiguse kitu kigumu. Lenzi itolewe kwenye kamera. Kamera inaweza kukaa ndani ya kasha ili kuokoa nafasi, mradi isifungwe kwa skrubu ya sinia yake na izungushiwe kitambaa laini. Kamera iliyokazwa hupokea kila mtikisiko wa kasha.

Vibano vya mikono viache vimelegea. Oringi ndogo zilizo kwenye vichwa vyake vya duara zihesabu. Hudondoka bila kelele.

Kisu cha kuzamia, mkasi, koleo na spana za L ziende chini. Marekani huruhusu vifaa vya fundi vifupi kuliko inchi 7, yaani takriban sentimita 18, viingie mkononi, lakini mkaguzi wa uwanja wa kuunganishia ndege ana sheria zake. Grisi ya oringi iwe kwenye tyubu isiyofika mililita 100, ndani ya mfuko wa vimiminika. Kopo la hewa ya kupulizia vumbi lisisafiri kabisa, iwe mkononi au chini. Beba puto la mpira la kupulizia.

Karatasi

Andaa orodha ya ukurasa mmoja: kifaa, namba yake ya utambulisho, mwaka wa kununuliwa, thamani. Piga picha kila namba. Kabla ya kutoka nchini kwako, uliza forodha kama wanagonga muhuri kwenye orodha hiyo. Huo ndio ushahidi wako wakati wa kurudi kwamba hukuvinunua ng'ambo. Kwa mzigo wa kitaalamu wenye thamani kubwa, nchi nyingi hupokea hati ya ATA ya kuingiza vifaa kwa muda bila ushuru, inayotolewa na chemba za biashara na kudumu hadi mwaka mmoja. Hati hiyo lazima igongwe kila mpaka, kuingia na kutoka. Muhuri mmoja ukikosekana unaweza kudaiwa ushuru.

Kwenye ukaguzi

Toa kamera, mkoba wa betri na kasha kabla hujaambiwa. Kasha la alumini nene huonekana jeusi kwenye skrini, na begi litafunguliwa tu. Afadhali ulifungue wewe. Kuwa na picha kwenye simu inayoonyesha vifaa vikiwa vimeunganishwa, kwa maana maelezo ya mdomo kuhusu kasha, mikono na taa humchosha mkaguzi. Kadi za kumbukumbu haziharibiwi na eksirei. Acha chaji kidogo kwenye kamera, maana mkaguzi anaweza kutaka iwashwe ahakikishe ni kamera kweli.

Ukifika

Unganisha vifaa chumbani usiku wa kabla ya mbizi ya kwanza, siyo kwenye mashua asubuhi. Pitisha oringi kati ya vidole ukitafuta unywele, mchanga au mkato. Angalia mfereji kwa tochi. Grisi iwe ya kung'arisha tu. Kazi yake ni kuiacha oringi iteleze ikae sawa; maji huzuiwa na mpira kubanwa, na grisi nyingi hukusanya uchafu. Tumia grisi ya mtengenezaji wa kasha, kwa sababu oringi zilizotengenezwa kwa silikoni huvimba zikipakwa grisi ya silikoni.

Kama una pampu ya ombwe, nyonya hewa, subiri nusu saa huku kamera imezimwa, kisha soma tena. Kamera ikiwashwa hupasha hewa ya ndani, kanieneo hupanda, na utadhani kasha linavuja. Bila pampu, lizamishe kwanza likiwa tupu. Taa zijaribu kwa sekunde chache tu nje ya maji.

Panga pia nafasi ya kuhifadhi video. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 45. Kwa 400 ni 180. Nakala ziwe mbili kila usiku, kwenye diski mbili, na wakati wa kurudi kila diski ipande kwenye begi lake.

Siku ya mwisho na baada yake

Mtandao wa usalama wa wazamiaji, DAN, unashauri kusubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya kupunguza gesi, saa 18 baada ya mbizi nyingi au za siku kadhaa, na muda mrefu zaidi kama vituo vilihitajika. Wengi hujiwekea saa 24. Muda huo ndio wa kuosha na kukausha. Loweka kasha likiwa limefungwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, nusu saa au zaidi, huku ukibonyeza kila kitufe ili chumvi itoke kwenye mihimili yake. Likaushe nje kwanza, kivulini, ndipo ulifungue. Suti anika mapema. Ikipakiwa mbichi huongeza kilo ambazo ulishazipigia hesabu. Betri zisijazwe pomoni: nusu ya chaji inatosha, na seli yenye chaji ndogo huungua kwa nguvu ndogo.

Mzigo wa chini ukitoka, ufungue kabla hujaondoka ukumbini. Kikiwa kimevunjika kitu, jaza fomu ya hitilafu ya mzigo papo hapo. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, madai ya uharibifu yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku 7, na ya ucheleweshaji ndani ya siku 21 tangu upewe mzigo. Kikomo cha fidia tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa) kwa abiria, kiasi ambacho hakifiki bei ya kasha zuri peke yake, na mashirika mengi huandika kwenye masharti yao kwamba hayawajibiki kwa vifaa vya elektroniki vilivyowekwa chini. Ndiyo maana vifaa hivi hukatiwa bima yake. Soma kama inafidia kamera iliyoingiwa na maji ikiwa inatumika kuzamia, kwa kuwa bima nyingi za kawaida za safari huitoa hiyo kwa jina.